Kompyuta ya Kuzamia Uivae Mkono Gani

Khainza, mwanangu mwenye kichwa kigumu kunizidi,

Ile sahani niliyoirusha ukutani wakati wa chakula ilikuwa ya mama yako, na amekwisha kuniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Najua umeingia kulala umenuna. Ulipoviokota vile vipande ukaviweka mezani mbele yangu, ukasema, "Baba, maliza kula," nilitaka kukuzaba kofi na wakati huohuo nilitaka kucheka. Nikatoka uani, nikasimama karibu na mashine yangu ya kuchomelea mpaka hasira ikapoa. Sasa nimerudi ndani, naandika. Mambo ya sabuni, ya blanketi, ya kutokula nyama za kuchoma za pale barabarani Bugembe, mama yako ameshakueleza, na atakueleza tena asubuhi mpaka gari litakapoondoka. Mimi huko simo. Nataka kuzungumza nawe juu ya kitu kimoja tu, kile tulichogombania.

Nilipokukabidhi kompyuta yangu ya kuzamia uliigeuzageuza kwa furaha, ukaiweka juu ya mkono, ukasema, "Hii ni kitu ya mkono, Baba. Nitavaa kama saa." Nikakuambia utaifunga kifuani, kwenye mkanda wa jaketi, na usiniulize kwa nini. Ukaniuliza kwa nini. Sahani ikaruka. Hayo ndiyo majibu yangu tangu jeshini, na humu ndani mmeyazoea. Lakini wiki hii utakuwa chini ya maji ya Jinja pamoja na Wandera na watu wake, mkikata magugu maji kwenye vyuma vya bwawa, na huko sitakuwepo kukurushia kitu. Basi nitajibu, tena kwa kirefu.

Wandera unamjua kama anko wa Bugembe, yule aliyekufundisha kuzamia wakati wa likizo bila hata kuniuliza, mwenye pengo la meno mawili ya mbele. Mlipokuwa wadogo tuliwaambia kwamba alianguka na boda boda kule Mpumudde. Tulidanganya, mimi, yeye na mama yako. Meno yale niliyavunja mimi kwa mpini wa kisu, chini ya maji. Na mguu wangu huu ninaouburuta, ambao tuliwaambia ni jeraha la jeshini lililofumuka tena, uliharibika siku ileile.

Wewe unazijua namba za kompyuta kunizidi, kwa hiyo sitakufundisha kazi yake. Unajua kwamba mtu akikaa chini ya maji, sehemu ya hewa anayovuta inaingia kwenye damu na kujificha humo. Akipanda polepole inatoka yenyewe. Akipanda mbio inafumka mwilini kama soda iliyotikiswa. Kompyuta inakuambia upande kwa mwendo gani, usimame wapi, usubiri kiasi gani. Sisi tulianza kazi bila kitu hicho. Tulipewa majedwali ya karatasi yaliyotengenezwa kwa watu wa baharini, na ziwa letu liko juu sana kuliko bahari, kwa hiyo yalikuwa yanatudanganya kila siku na viungo vilituuma usiku kucha. Kampuni ilipotugawia kompyuta, Wandera aliibusu yake mbele ya wazungu.

Zilikuwa za namna mbili. Wandera alichagua ile ya kuning'inia, iliyo ndani ya kasha moja na geji ya hewa, mwisho wa mpira mrefu unaotoka kwenye mtungi. Alisema, "Mimi nataka vuta kitu moja, nasoma yote." Mimi nikachukua ya mkononi, hii uliyo nayo sasa. Nikaivaa kijeshi. Unajua wanajeshi wa zamani tunavyovaa saa: kioo upande wa ndani wa kifundo, mahali daktari anapopima mapigo, ili kisimeremete juani adui akakuona. Nilikuwa nimevaa saa hivyo miaka yote ya porini, na kwa kichwa changu hiki hicho ulichorithi sikujiuliza ni adui gani atakayeniona chini ya maji ya Jinja. Mwalimu wetu mzungu aliniambia niigeuze. Nilimwambia yeye hajawahi kupigwa risasi.

Siku hiyo magugu maji yalikuwa yameziba kabisa vile vyuma vilivyo mbele ya lango la maji. Tulikuwa tumezama na kutoka tangu asubuhi. Lango lilikuwa limefungwa ili maji yasivute wakati sisi tuko kazini. Kule chini, utaona mwenyewe, huoni hata vidole vyako. Tochi inakuonyesha tope tu. Nilikuwa nakata mizizi, na Wandera alikuwa kushoto kwangu, nikimsikia anavyopumua.

Halafu lango likafunguliwa. Wazamiaji wengine wawili walikuwa wametoka upande wa pili, na sote tukivaa suti nyeusi na miwani tunafanana. Fundi wa lango aliwaona wakipanda ngazi, akadhani ni sisi.

Khainza, mimi nimepigwa kitako cha bunduki. Nimewahi kurushwa na bomu la ardhini nikiwa ndani ya lori, nikaamka mtini. Hakuna kilichonipiga kama maji yale. Yalinibeba yakanibamiza kwenye nguzo ya zege, nikasikia mbavu zangu zikivunjika, na kelele zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba sikujua kama ninapiga ukelele au la. Wandera alibandikwa kwenye vyuma mgongo mbele. Lile kasha lake la kuning'inia likavutwa katikati ya vyuma viwili, likapita, likageuka upande huko ndani, likanasa. Watu wa juu waliona kamba zetu zikikaza, wakapiga kelele, lango likafungwa tena. Mvuto ukaisha. Mimi nikawa huru. Wandera akabaki amefungwa kwa mpira wake mwenyewe kama mbuzi kwenye kigingi, na kipumulio kilikuwa kimemtoka mdomoni.

Nilimfuata kwa kupapasa. Nilipomgusa tu akanivamia. Alinivua miwani. Alinikaba koo. Alishika kipumulio changu akakinyofoa kutoka mdomoni mpaka mdomo ukachanika, nikameza maji. Alishika jaketi langu kifuani akavuta kwa mikono miwili, na kila kilichokuwa kimefungwa pale kikang'oka, tochi, filimbi, hata mfuko wa mkasi. Yule alikuwa mtu niliyekula naye sahani moja kila siku, na alikuwa ananiua. Nikampiga. Nilimpiga usoni kwa mpini wa kisu, nikampiga tena, tena, na sikupiga kwa kumtuliza, nilipiga kwa kutaka aumie, mpaka mikono yake ikalegea. Nikatafuta kipumulio changu, nikavuta hewa, nikamsukumia yeye mdomoni katikati ya damu. Akavuta. Akavuta tena. Kasha halikutoka. Nikakata mikanda ya jaketi lake, nikamchomoa kama unavyomchomoa mtoto kwenye shati linalombana, tukaacha kila kitu pale kwenye vyuma: mtungi, jaketi, geji na kompyuta yake nzuri aliyoibusu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jibu la swali lako.

Nilimshika kola ya suti kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa unapeleka kipumulio kwake, unarudisha kwangu, kwake, kwangu. Tukapanda. Kompyuta yangu ikaanza kulia, pii pii pii, ile sauti yake ya kukuambia unapanda mbio. Niliisikia vizuri kabisa. Lakini kioo chake kilikuwa upande wa ndani wa kifundo, kimebanwa kati ya mkono wangu na shingo ya Wandera. Sikujua tuko wapi, wala tusimame wapi. Ili kuisoma ilinibidi nimwachie kola, na yeye hakuwa na mtungi tena, hakuwa na kitu chochote mwilini isipokuwa suti na mkono wangu. Sikumwachia. Yeye alikuwa anapiga miguu kama punda, ananivuta juu, na ile kitu inalia, inalia, mpaka tukatoboa magugu maji tukaona mwanga.

Alitapika maji na damu, akapapasa mdomo wake, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Wewe ng'ombe! Umevunja meno yangu!" Kisha akanikumbatia, akalia kwa sauti mbele ya kampuni nzima.

Mimi sikulia. Nilivua mkanda wangu wenye vipande vizito vya madini ya risasi, ule wa kutuzamisha, nikapanda ngazi nikiwa bado na miguu miwili, nikamtafuta fundi wa lango. Alikuwa anasema, "Afande, mimi nilifikiri ni nyinyi, mimi naona watu mbili natoka." Nikampiga nao. Pigo la kwanza na la pili siyajutii mpaka leo, nakuambia ukweli. La tatu alikuwa ameshaanguka. Taya lake halikupona sawasawa, na alikuwa na watoto umri wenu, wawili kati yao walikuwa wakisoma na wewe pale Mpumudde. Ndiyo sababu mkewe alikuwa akituona sokoni anageuza uso. Ulikuwa unaniuliza, nami nilikuwa nakukemea.

Kabla ya jua kuzama miguu yangu ilianza kufa ganzi, ile soda ya damuni; Wandera haikumgusa, sijui kwa nini. Chumba cha kumrudisha mtu kwenye shinikizo kama la chini ya maji, ili hewa imtoke polepole, hakikuwepo nchini, kilikuwa pwani, na mpaka gari lipatikane, mpaka karatasi zisainiwe, mguu mmoja ulirudi na mwingine ukakataa. Kazi nilifukuzwa kwa ajili ya taya la fundi. Ndipo tukahamia kwa wajomba zako hapa Mbale, nikaanza kuchomelea mageti huku viwandani, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya ameketi. Ulikuwa darasa la tano. Ulilia kuacha shule yako, nami nilikuwa na uchungu mwingi kiasi kwamba nilikuona kama mtu anayenikejeli. Nilikosea sana mwaka ule, ninyi na mama yenu mnajua kunizidi.

Basi miaka yote hii, nikiwa nimeinamia chuma, nimekuwa nikiipima ile siku kichwani. Nilikwisha kuamua kwamba dawa yake ni kifua. Ukiifunga kifuani mikono yote miwili ni yako, unashika unachotaka, unainamisha shingo unasoma. Ndiyo sababu nilikuamuru vile mezani. Nilijiona nina akili.

Lakini nilipoandika pale Wandera aliponishika kifuani, niliweka kalamu chini. Kila kilichokuwa kifuani kiling'olewa. Na jaketi lake lilibaki kwenye vyuma na kila kilichokuwa juu yake. Kama angekuwa ameifunga kwenye mkanda wa jaketi ingebaki hukohuko. Nimevunja sahani ya mama yako kwa ajili ya wazo la kijinga. Wewe ulisema mkononi, na mkononi ndiyo sawa: siku utakapolazimika kuvua kila kitu ili utoke hai, mkono utatoka na wewe. Umenishinda, Khainza. Usicheke kwa sauti utakaposoma hapa, mama yako yuko karibu na atataka kujua.

Lakini kuivaa kama saa, hapana. Nisikilize kidogo, nimelipia haki ya kukuambia.

Wewe ni mshoto. Unakumbuka yule mwalimu aliyekuwa akikuchapa vidole ili uandike kwa mkono wa kulia, nikaenda kumnyanyua kwa tai mbele ya darasa? Kisu utakishika kushoto, basi kompyuta iwe mkono wa kulia, usiige wenzako. Kioo kiwe nje, lakini usikiweke juu kabisa. Kisogeze upande wa kidole gumba, ili ukikunja ngumi na kushika kitu kikutazame usoni. Jaribu sasa, shika ukingo wa kitanda, utaona. Katika maji meusi utaibandika kwenye kioo cha miwani mpaka vigusane. Na ukumbuke kuiamsha kabla hujazama, kwa kugusa vile vidude vyake viwili vya chuma kwa vidole vilivyolowa. Isipoamka, wewe usizame, hata Wandera akikutukana.

Mkanda wake wa kiwandani nimeutupa. Kule chini suti ya mpira inabanwa na maji inakuwa nyembamba, mkanda unalegea, kompyuta inazunguka inaingia upande wa ndani, na hapo utakuwa umevaa kijeshi kama mimi bila kukusudia. Nimeifunga kwa vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kila kimoja na tundu lake na fundo lake, kimoja kikikatika kingine kinabaki. Mpira unakaza wenyewe suti inapobanwa. Nimeivaa mkononi mwangu tangu nilipoanza kuandika, nimeitingisha, nimeivuta kwa meno, haikutoka. Betri ni mpya, nimepaka grisi kwenye mpira wake.

Hapo ningeweza kumaliza, na barua ingekuwa imejibu swali. Lakini sijakuambia kinachonitisha, na ndicho kilichorusha sahani. Hasira ilitoka huko, kompyuta ilikuwa kisingizio.

Mkono utakaoivaa ni mkono wa kushikia pia. Iko siku utakuwa umemshika mtu kwa mkono huohuo. Itakuwa inalia. Na wewe utakuwa na moyo wangu, maana umenifanana kwa kila kitu kibaya, na utasema humwachii. Mimi nilipokuwa natoka kazini nilikuwa najivunia kwamba sikumwachia. Watu wa Jinja walinisifu. Wandera kila Krismasi ananiletea mbuzi. Mguu huu sijauhesabu hasara hata siku moja, kwa sababu kila ninapomwona yule mpumbavu anacheka na pengo lake najua nilichonunua.

Lakini wewe nakuogopea. Najaribu kukuwaza uko chini, mtu anakunyofoa kipumulio, anakukaba, na wewe huna mwili kama wangu wa kumpiga mpaka alegee. Najiona nimesimama kwenye ukingo wa bwawa na mguu wangu mbovu, natazama magugu maji, nangoja yatoboke.

Wandera alipokuja Jumapili kukuombea ruhusa, tulitoka naye nje nikamuuliza. Nilimwambia, "Ikiwa ni wewe ndiye Khainza amekushika, na ile kitu inalia, afanye nini?"

Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Aniache, Afande. Aniache mbio. Mimi nitamufundisha hiyo siku ya kwanza, kabla ya kitu yote."

Nikamwambia, "Mimi sikukuacha."

Akasema, "Wewe ulikuwa si mtoto yangu."

Nimekaa na neno hilo tangu Jumapili. Najua si zuri kuandikwa na baba, na kasisi akilisoma atanisema. Wakubwa wa kazi watakufundisha vingine, na watakuwa na haki. Mimi nakuandikia kama mzazi wako, bila haya: ikianza kulia, fungua vidole, soma, simama pale itakapokuambia usimame, usubiri mpaka ikuruhusu, hata ukisikia nini chini yako. Mwachie, Khainza, hata akiwa Wandera. Hata ningekuwa ni mimi.

Baba yako